Show Me Love ilibuma kwanza

Dada uliyesema Show Me Love ya yule mwimbaji wa Marekani Robin S ilitoka 1993 ikapasua chati papo hapo, hapana aisee, hiyo ngoma ilitoka 1990 na ikabuma, wala watu hawakushtuka. Kilichoiokoa ni rimiksi ya mwaka 1992 ya jamaa wa Sweden anaitwa StoneBridge, yeye akaibakiza ile sauti ya Robin maana dada anaimba kweli yule, muziki wa nyuma akautengeneza upya, halafu kwenye besi akaweka sauti ya ogani iliyokuja tayari ndani ya kinanda cha Korg M1, yaani hakuitengeneza hata, unabonyeza tu imo, inaitwa Organ 2. Ule mlio mkavu unaodundadunda mwanzo kabisa kabla Robin hajaanza kuimba ndo huo, na mpaka leo maprodyuza wa haus, yaani ule muziki wa kudansi wa klabu, wanaukopi bila aibu.

Hiyo ndo version iliyofika namba 6 Uingereza na namba 5 kwenye Hot 100, ile chati kuu ya nyimbo ya Marekani, mwaka 1993, na kwenye chati ya klabu huko Marekani ikakaa kabisa namba 1. Kwa ngoma ya haus kuingia 5 bora za Hot 100 si mchezo.

Na uliyeuliza mbona Break My Soul ya Beyoncé inafanana nayo, ni kweli, waandishi wa Show Me Love wamo kwenye kredit za ule wimbo wa 2022, na huo ukafika namba 1 kabisa kwenye Hot 100.