Buibui na Nzi Hawakupatana

Binti yangu alikuwa na miaka minne alipomtia nzi na buibui kwenye kopo moja, akafunika kwa kitambaa chenye matundu ili wapate hewa, akaenda kulala. Asubuhi nilimkuta amelikumbatia kopo anabubujikwa machozi. Nzi alikuwa amekwisha kuviringishwa nyuzi kama kichanga kwenye shuka, na buibui amejikunyata pembeni, ametulia zake. Nilimuuliza alikusudia nini kuwaweka pamoja. Akanijibu kwa kwikwi kwamba alitaka wazungumze, yaishe.

“Baba, si ulisema wanyama wote ni marafiki?”

Nilisema, tena kwa miezi mingi. Kila usiku nilikuwa namsimulia habari za msitu ambamo simba ni sahibu wa swala, chui anambembeleza mwana-mbuzi, na jioni wote wanakaa duara kula matunda. Nilidhani namfundisha upendo. Kumbe namdanganya kuhusu viumbe anaowaona kila siku dirishani, na yeye, kwa kuwa ananiamini, akaenda kujaribu.

Tangu siku ile sikuacha hadithi. Nilibadili kitu kimoja tu: mnyama wangu anaweza kusema, kuwa na jina, kununa, kudai deni, hata kuimba, ila tumbo lake siligusi. Simba hali majani. Buibui hali maembe. Mengine yote nayatunga nitakavyo.

Kabla ya kusimulia, najiuliza maswali matatu kumhusu huyo mnyama. Anakula nini? Analala wapi? Anamwogopa nani? Nikiyajibu hayo, nusu ya kisa imekwisha kujitunga. Mchukue konokono. Mwili wake ni laini na unakauka upesi, kwa hiyo jua likiwa kali hujifungia ndani ya gamba lake akasubiri unyevu. Ndege wakimwona humla. Basi siku moja konokono kaalikwa karamu ya adhuhuri. Afanyeje? Akitoka atakauka, asipotoka ataonekana ana maringo. Akapeleka ujumbe kwa rafiki yake jongoo, naye pia hapendi jua, na wawili hao wakafanya karamu yao chini ya jiwe, usiku, mvua ilipokwisha kunyesha. Kisa hiki nimekisimulia mpaka nimekichoka, watoto hawajakichoka. Baada yake hakuna jiwe lililosalimika nje: kila moja lilipinduliwa kuona kama karamu inaendelea. (Nikawafundisha kulirudisha jiwe mahali pake taratibu. Wewe ungependa mtu aondoe paa la nyumba yako kisha aende zake?)

Ukiwa mgeni wa kazi hii, anza na mnyama anayeonekana. Wazazi wengi hukimbilia tembo na simba kwa sababu ni wakubwa na wanajulikana, lakini mtoto wa miaka mitatu hawezi kutoka nje akahakikisha habari za tembo. Za sisimizi anaweza. Anachuchumaa, anatazama, anarudi kukwambia umekosea.

Na urafiki je? Upo, wala huna haja ya kuubuni. Sisimizi na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, wanaishi kwa mapatano. Kidukari hutoa majimaji matamu, sisimizi huyanywa, na kwa malipo humfukuza adui anayekuja kumla kidukari. Yangeyange, yule ndege mweupe, humfuata nyati au ng’ombe malishoni kwa sababu kwato zinawashtua panzi majanini, naye anawadaka wakiruka. Nyati hapotezi kitu. Kuna pia ndege aitwaye kiongozi, anayemwita mtu kwa mlio wake na kumtangulia mti hadi mti mpaka kwenye mzinga wa nyuki. Mtu huchukua asali, ndege akabaki na nta, maana nta anaiweza. Mwanangu aliposikia kwamba yupo ndege anayefanya kazi na binadamu, alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama ndege huyo anaweza kumdhulumu mtu.

Nakiri kuna sehemu ya habari za kiongozi ninayoiruka. Mama yake hutaga katika viota vya ndege wengine, na kinda lake likianguliwa huwaua makinda wa mwenye nyumba. Nimesema sidanganyi. Kunyamaza si kudanganya, au ndivyo ninavyojiambia. Nitawaeleza wakifika miaka kumi.

Wakitaka kisa cha urafiki ambao hakuna aliyeutarajia, ninacho kimoja ambacho sikukitunga. Mwezi Desemba 2004, wakati wa tsunami ya Bahari ya Hindi, kiboko mdogo alitenganishwa na wenzake karibu na Malindi nchini Kenya. Watu walimwokoa, wakampeleka kwenye hifadhi ya Haller Park, Mombasa, wakampa jina la Owen. Huko alimkuta kobe mkubwa wa asili ya visiwa vya Aldabra, mzee aliyekadiriwa kuwa na miaka kama 130, na jina lake kweli ni Mzee. Kiboko akamng’ang’ania kobe kama mama. Mwanzoni kobe hakutaka, alikuwa anaondoka zake, lakini mwishowe wakawa wanalala pamoja na kula pamoja. Mimi huwa siishii hapo, kwa sababu maisha hayakuishia hapo. Owen alikua, akawa mzito mno kwa michezo na kobe, ikabidi watenganishwe na Owen akapatiwa kiboko mwenzake. Binti yangu hupenda sehemu ya kwanza. Mdogo wake hupenda ya pili, sijui kwa nini.

Sasa fisi. Hadithi zetu zimemwonea fisi vya kutosha: mlafi, mjinga, anapigwa chenga na sungura kila mara. Sitaki kuzitupa hadithi hizo. Mimi mwenyewe nimekulia ndani yake, na sungura mjanja ni wetu sote. Ninachofanya ni kumpa fisi zamu yake. Sungura akishamaliza kumcheka, namleta fisi mwenyewe aseme: mimi fisi madoa nawinda, sisubiri makombo tu, kwenye ukoo wetu anayetawala ni jike, na meno yangu yanavunja mfupa ambao simba ameuacha. Halafu namalizia kwa jambo linalowafanya wabiringike kwa kucheka: kinyesi cha fisi kikikauka huwa cheupe kwa sababu ya mifupa anayokula. Watoto husahau mambo mengi. Hilo halisahauliki.

Kosa langu la pili lilikuwa la kiualimu. Kwa muda fulani kila hadithi ikiisha nilikuwa nauliza, “Haya, tumejifunza nini?” Baada ya wiki mbili binti yangu alianza kulala kabla ya mwisho, na nina hakika usingizi wenyewe ulikuwa wa kuigiza. Niliacha. Siku hizi hadithi ikiisha imeisha. Kama kuna swali litatoka kwake, mara nyingi siku tatu baadaye, mdomo umejaa chakula.

Maswali ya kifo yatakuja pia, hayakwepeki ukishaamua kutobadili tumbo la mnyama. Mimi hujibu kwa maneno machache na ya kweli: buibui asipokula nzi atakufa, na buibui wakiisha nzi watazidi. Sisemi nzi “amelala”. Mtoto akiambiwa hivyo ataogopa kulala.

Jambo moja silifanyii mzaha: rafiki wa hadithini si lazima ashikwe. Mtoto aliyezoea mbwa anayesema na nyuki anayeimba huenda akamkimbilia mbwa asiyemjua akiwa amefungua mikono. Kwa hiyo ndani ya visa vyangu wanyama wenyewe huweka mipaka. Nyuki husema, “Nisalimie ukiwa umbali wa hatua tano.” Nyoka husema, “Ukiniona, simama, rudi nyuma, kamwite mtu mzima.” Mtoto hulikumbuka sharti la nyoka kuliko la baba. Anayeshikika, kama konokono, hushikwa polepole, kisha mikono inaoshwa kwa sabuni.

Pale unapoweza, acha hadithi imalizikie kwenye jaribio dogo. Mwanasayansi Charles Darwin alifuga nyungunyungu kwenye vyungu vya udongo akawachunguza, na mwaka 1881 akachapisha aliyoyaona. Aliwapigia filimbi na piano, wasijali kitu. Lakini vyungu vilipowekwa juu ya piano yenyewe na noti ikapigwa, walijificha upesi kwenye mashimo yao: hawakuisikia sauti, waliuhisi mtikisiko. Nilipowasimulia wanangu kwamba mzee mmoja mwenye ndevu ndefu aliwapigia minyoo muziki, hatukumaliza hata sentensi. Walikuwa wamekwisha kutoka kutafuta nyungunyungu na sufuria ya kupiga.

Binti yangu sasa ana miaka tisa, na usiku mwingine kazi ya kusimulia anaichukua yeye. Juzi nilisimama mlangoni nikamsikia akimsimulia mdogo wake.

“Nzi akamwambia buibui: tukae tuzungumze, yaishe. Buibui akasema: sawa, ila sogea, sikusikii vizuri.”

Mdogo wake akaruka kitandani, shuka likaanguka, akapiga kelele nyumba nzima ikasikia: “Usisogee!”