Kabla hamjawaandikia vyeti waliozima moto

Kandambili za yule kijana zilikuwa za bluu. Nazikumbuka kwa sababu moja iliganda kwenye saruji ya kibaraza, nusu yake imeyeyuka, na wiki nzima watoto waliopita pale walikuwa wakiichokonoa kwa vijiti. Mwenyewe alikuwa ndani, mguu umefungwa bandeji, pikipiki imeegeshwa. Mwenye pikipiki anadai hesabu yake kama kawaida, shilingi 8,000 kwa siku.

Sisi wakati huo tulikuwa kwenye kikao cha kupanga hafla ya kumpongeza.

Naishi Keko, Dar es Salaam, upande wenye karakana za samani. Anayeijua Keko anajua harufu yake: mbao mbichi, vanishi, thina, na sponji za makochi zimerundikwa mpaka usawa wa bati. Moto ulianzia kwenye banda moja la makochi usiku wa saa nane. Sponji ikishika moto haiwaki kama mbao. Inayeyuka, inadondosha matone yanayowaka, na moshi wake mweusi unakukaba koo kabla joto halijakufikia. Banda la pili lilishika tukiwa bado tunaamshana.

Tulipiga 114 na gari la zimamoto likaja. Lakini kichochoro chetu hata guta linapita kwa kubembelezwa, kwa hiyo askari walilazimika kusimama barabarani na kuvuta mipira kwa mikono mpaka ndani. Kabla ya maji yao kufika, waliosimama kati ya ule moto na nyumba zetu walikuwa majirani. Mafundi wawili walipanda juu ya bati na kubomoa kibanda kilichounganisha karakana na nyumba ya kupanga, ili moto ukose njia. Akina mama walipanga mstari wa ndoo kutoka kwenye simtanki ya msikitini. Kijana wa kandambili, dereva wa bodaboda wa kijiwe chetu, aliingia nyumba ya tatu akambeba mgongoni bibi asiyeweza kutembea. Alipotoka naye alikanyaga sponji iliyoyeyuka, akaendelea kutembea hivyo hivyo mpaka alipomweka bibi kwenye mkeka wa jirani. Ndipo akapiga kelele.

Hakuna aliyepoteza maisha usiku ule. Namshukuru Mungu, na nawashukuru wao.

Nimeamua kuandika haya kwa sababu mitaa mingi ya Dar ina watu wa namna hii na wengi tunataka kuwaheshimu, lakini tunakosea mahali pale pale. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya hafla ile ya kwanza, kwa hiyo makosa nitakayoyasema ni ya mkono wangu.

Tulikodi turubai, viti mia moja na spika. Tulipika pilau. Tulimwalika mgeni rasmi, akachelewa karibu saa tatu, na waliozima moto wakakaa juani muda wote huo kwa sababu kivuli tulikiwekea meza kuu. Vyeti vilikuwa vya rangi, vimewekwa kwenye plastiki ngumu, vyote vina maneno yale yale: kwa kutambua ushujaa wako. Majina mawili yalikosewa. Kijana wa bodaboda alikuja akichechemea, akapokea cheti, akapigwa picha, akaondoka kabla ya chakula. Baadaye niliambiwa alikuwa anawahi zahanati kubadilisha bandeji, na nauli aliikopa kijiweni.

Nilipopiga hesabu usiku ule, fedha tulizotumia kwa viti na spika peke yake zingetosha kumtibu mguu na kulipa hesabu ya pikipiki kwa wiki mbili.

Ndiyo sababu nasema, kabla hamjaandika cheti chochote, mwendeeni kila mmoja nyumbani kwake mkamuulize alipoteza nini. Msimuulize mbele za watu, maana Mswahili mbele za watu atakwambia hakuna kitu, tulisaidiana tu. Nenda jioni, kaa kwenye mkeka, kunywa chai atakayokupa, ndipo uulize. Raundi ya pili tulipofanya hivyo tuliyasikia mambo ambayo hatukuyawaza. Fundi mmoja simu yake iliibwa alipoivua na kuiweka pembeni ili apande batini. Mama mmoja alitoa ndoo zake zote nane, zile anazouzia maji, zikarudi tatu. Mwingine alifukuzwa kibarua kwa sababu asubuhi ile alilala akakosa zamu. Watu hawa waliutumikia mtaa, na mtaa ukawaachia bili.

Tulichangishana kwa simu, nyumba kwa nyumba, elfu mbili, elfu tano, tukalipa tulivyoweza. Ndoo zilikuwa rahisi. Simu tulinunua ya bei ndogo kuliko iliyoibwa, tukamwambia ukweli. Kibarua hatukuweza kukirudisha, ila mafundi wawili wa Keko walimchukua yule jamaa kupiga msasa, na mpaka leo yuko nao. Yote haya tuliyamaliza kabla ya kuzungumzia sherehe nyingine, na nakushauri ufuate mpangilio huo huo.

Jambo la pili lililoniuma zaidi ni orodha. Orodha yetu ya mashujaa tuliitoa kwenye video za simu. Aliyeonekana batini aliandikwa, aliyeonekana na ndoo aliandikwa. Mtaani kwetu kuna mama anayekaanga mihogo jioni pale kona ya kichochoro. Yeye hakuonekana kwenye video hata moja, kwa sababu alikuwa nyuma ya nyumba, gizani, anazima swichi kuu za nyumba tatu. Alifanya hivyo kabla ndoo ya kwanza haijamwagwa. Maji yangetangulia kwenye nyaya zile zilizoanza kuyeyuka, leo ningekuwa naandika habari ya msiba. Hatukumwita hata kama mgeni.

Nilipokwenda kumwomba radhi nilimkuta anamenya mihogo. "Shikamoo mama." Akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikaeleza kosa letu, akaendelea kumenya, halafu akasema taratibu, "Mwanangu, cheti sikukidai. Lakini hata jina?"

Kwa hiyo msitegemee video wala kumbukumbu ya wazee wawili wa kamati. Pitieni kila mlango mkauliza swali moja: usiku ule ulimwona nani akifanya nini? Andikeni kila jibu. Sisi tulijaza daftari zima la kurasa 48, na majina tuliyokuwa nayo mwanzo, kumi na moja, yakawa ishirini na sita. Wanawake waliongezeka kuliko wote. Wapo pia watoto wawili wa shule walioshika tochi za simu ili waliopanda batini waone wanapokanyaga. Na mwambieni kila mmoja asome jina lake mwenyewe kabla halijachapwa, herufi kwa herufi.

Cheti chenyewe kiseme alichofanya. Neno ushujaa likikaa peke yake halimgusi mtu, kwa sababu lingeweza kuandikwa kwa yeyote. Cha mama wa mihogo tuliandika saa, tukaandika nyumba tatu, tukaandika swichi. Mtoto wake akikisoma miaka ishirini ijayo ataijua habari nzima bila kuuliza.

Kuna jambo hapa linahitaji moyo mgumu kidogo. Kijana mmoja aliingia mara ya pili kwenye nyumba inayowaka kufuata televisheni. Watu walimshangilia, na baadhi ya wanakamati walitaka atajwe wa kwanza. Nilikataa, na nilinuniwa. Alishaokoa godoro na begi la nguo mara ya kwanza, hayo tuliyataja. La televisheni tuliliacha, maana watoto wa mtaa walikuwa wamekaa mstari wa mbele wakisikiliza ni jambo gani linapigiwa makofi.

Heshima nyingine ambayo watu hawaifikirii ni mafunzo. Wengi mtakumbuka ndege iliyoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, Novemba 6, 2022. Wavuvi ndio waliofika wa kwanza kwa mitumbwi, na kijana mvuvi Majaliwa Jackson alijeruhiwa akijaribu kuokoa watu. Alipewa shilingi milioni moja, lakini lililonigusa mimi ni agizo la Rais kwamba apelekwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji akafunzwe na kuajiriwa. Kumpa mtu ujuzi wa kazi ambayo moyo wake ulishaionyesha ni kumheshimu kuliko fedha. Mtaa hauwezi kuajiri, ila unaweza kufunza. Hata jengo lilipoporomoka Kariakoo, Novemba 16, 2024, wananchi walianza kufukua kwa mikono yao. Nilijiuliza ni wangapi kati yao waliwahi kuonyeshwa hata siku moja namna ya kuingia mahali pa hatari na kutoka.

Nilikwenda kituo cha zimamoto na barua ya serikali ya mtaa yenye mhuri, nikaomba mtu wa kuja kutufundisha. Walikuja askari wawili wakakaa nasi asubuhi nzima. Waliwasha mafuta kwenye karai, wakatuonyesha kwa nini maji ni hatari pale: yanazama chini ya mafuta, yanachemka ghafla na kuyarusha nje yakiwa yanawaka. Dawa ni kufunika kwa mfuniko au kitambaa kilicholowa na kukamuliwa vizuri, na kuzima jiko. Tulijifunza kutambaa chini penye moshi, kwa sababu hewa nzuri kidogo iko karibu na sakafu. Kila mmoja wa wale ishirini na sita alishika mtungi wa kuzimia moto kwa mkono wake: chomoa pini, elekeza kwenye shina la moto na si kwenye ndimi zake, bana, fagia kushoto na kulia. Fundi aliyekuwa batini alisema angejua hilo mapema asingeunguza nyusi.

Siku hiyo tuliipanga makusudi iwe Mei 4, Siku ya Kimataifa ya Wazima Moto. Ilianzishwa baada ya wazima moto watano wa kujitolea kufariki huko Linton, Australia, Desemba 2, 1998, upepo ulipogeuka na moto wa msituni ukalizingira gari lao. Walikuwa watu wa kujitolea kama hawa wetu, ila wao walikuwa na gari, mafunzo na sare. Niliisimulia habari hiyo kwa kifupi, tukakaa kimya dakika moja.

Hafla ya pili haikuwa na mgeni rasmi wala turubai. Tulikaa kwenye vibaraza vyetu, asubuhi kabla jua halijakolea, kila mtu na kiti chake, chai na maandazi kutoka nyumba mbalimbali. Kijana wa bodaboda alikaa karibu na yule bibi aliyembeba, na bibi alimshika mkono muda wote, hata alipokuwa anakunywa chai. Mguu umepona, kovu limebaki.

Mimi ndiye niliyesoma majina. Nilipofika kwa mama wa mihogo nilisoma saa, nyumba tatu, swichi. Watu walipiga makofi, yeye akainua mkono kunizuia nisiende kwa mwingine. Mjukuu wake alikuwa ametoka kidogo kwenda msalani, akaniomba nimsubiri mtoto arudi, halafu nisome tena.