Muulize Fundi: Roketi ya karatasi inatoka kivivu, niongeze presha?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimetengeneza kirushio cha roketi za karatasi, mtungi ni bomba la PVC la maji, najaza upepo kwa pampu ya baiskeli mpaka geji isome PSI 60 halafu nafungua koki. Roketi inatoka kivivu na kuanguka hapo hapo. Nikipandisha mpaka 100 itasaidia?

JIBU: Usipandishe. Presha unayo ya kutosha, inayokukwamisha ni hiyo koki. Tupige hesabu kidogo: kama bomba la kurushia lina upana wa sentimita 2, PSI 60 inasukuma kwa nguvu ya mzigo wa kilo 13 na ushee, na roketi ya karatasi haifiki hata gramu 20, kwa hiyo ilitakiwa ipotee machoni. Ila roketi inasukumwa pale tu ikiwa bado imevaa bomba, ikishachomoka basi. Huo mwendo wa sentimita 30 hivi unaisha fasta mno, wewe mkono wako kwenye koki haujafika hata robo, upepo unapenya kwenye kaupenyo, roketi inateleza na kuondoka na presha kiduchu, na upepo wote uliobaki unapuliza hewani bure.

Wengi wa mchezo huu wanatumia vali ya umeme, ile ya kumwagilia bustani. Ndani ina kiwambo cha mpira, na upepo ulioko nyuma yake ndio unaokibana kifunge. Ukibonyeza swichi koili inafungua katundu kadogo, upepo wa nyuma unatoka, presha ya mbele inakisukuma kiwambo na njia nzima inaachia kwa mkupuo. Na zuri zaidi unabonyeza ukiwa mbali, waya mrefu tu.

Cheki na roketi yenyewe. Iteleze kwenye bomba bila kukwama wala kucheza cheza, halafu ichungulie kwa ndani ukiielekeza kwenye mwanga, ukiona nuru puani ujue upepo unavuja, ongeza gundi.

Sasa hilo bomba la PVC ndilo linanitia wasiwasi kuliko yote. Namba ya presha iliyochapwa pale ni ya maji ya baridi, sio ya upepo, na plastiki hiyo ikipata joto la nyuzi 43 inabaki na kama nusu ya nguvu yake, sasa fikiria imeachwa juani. Ikipasuka haichaniki, inarusha vipande vyenye ncha. OSHA, wale wa usalama kazini Marekani, walishaonya toka 1988 kuhusu kupitisha upepo wa kompresa kwenye PVC. Tafuta mtungi wa chuma uliotengenezwa kwa ajili ya upepo, wenye vali ya usalama, vaa miwani, na usiinamie roketi ikiwa imeshajazwa, hata kama imegoma kuruka.

SWALI: Kwa nini mafundi wanapima mtungi kwa maji kwanza?

JIBU: Maji hayashindiliki kirahisi, kwa hiyo hata ukiyapandishia presha yanabeba nishati kidogo sana, mtungi ukipata ufa yanamwagika na presha inashuka papo hapo. Upepo ulioshindiliwa unaendelea kutanuka na kusukuma kila kilicho mbele yake mpaka uishiwe. Ila wa PVC usiseme umefaulu leo kwa maji ndio ruksa kuujaza upepo kesho.