Watoto Mbugani: Acheni Kumkimbiza Simba

Juzi usiku nimeshafunga duka, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya vuguvugu, ukaingia ujumbe wa dada mmoja wa Masasi. "Mama, nimeona picha zenu za mbugani. Na mimi nina watoto watatu, korosho zimetulipa, tunataka kwenda. Tukishafika tunafanya nini na watoto? Au ni kukaa garini tu?"

Dada yangu, hilo la mwisho limenichoma. Mimi nilishakaa garini tu, na nililipia.

Miaka miwili nyuma wifi yangu, anayeishi Dar, alikwenda Mikumi. Kwao ni rahisi, barabara kuu ya Zambia inapita katikati ya hifadhi. Aliweka simba kwenye status siku tatu mfululizo, halafu akaniandikia: "Nyie wa Kusini mtaishia kuona tumbili wa kwenye mikorosho." Akamalizia na vikaragosi vya kucheka. Nikajibu kwa kucheka vilevile, lakini moyoni niliapa.

Nikachagua Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ilimegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na upande wa Liwale inaingia humu humu mkoani kwetu Lindi. Sisi tuliingilia lango la Mtemere: kutoka Lindi unapanda barabara ya Dar zaidi ya kilomita 300, unavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, ukifika Kibiti unakata kushoto kuitafuta Mloka. Safari ndefu, sitakuficha. Yale masaa ya njiani nayaruka, mnayajua.

Sasa sikia ujinga wangu. Mimi ni fundi cherehani. Nikaona tusiende hivihivi, nikatushonea sare familia nzima, kitenge cha bluu iliyokolea, baba shati, wasichana magauni, mimi gauni na kilemba chake. Tulipendeza, jamani. Hatujamaliza nusu saa ndani ya hifadhi, mbung'o wakatuvamia kama waliopewa kadi za mwaliko. Kumbe mbung'o anapenda bluu na nyeusi, hata mitego yake hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nilielezwa na askari wa hifadhi, aliyekuwa akitutazama kwa huruma huku mwenyewe kavaa kaki.

Dereva wa gari la kukodi naye alikuwa na neno moja tu: simba. Kila gari tuliyopishana nayo anasimama, "Simba mmemwona?" Tukapita twiga. Tukapita tandala dume, pembe zimejisokota kama kizibuo. Mwanangu wa kati akawa anauliza, "Mama, yule anafanya nini?" Mimi namjibu, "Kaa vizuri, tunawahi simba." Nikikumbuka hilo jibu naona aibu. Masaa saba mazima hivyo. Simba tukampata saa kumi alasiri, kalala chini ya kichaka, kinachoonekana ni sikio na ncha ya mkia. Muda huo mkubwa kasinzia, mdogo kasinzia, na yule muulizaji wangu anatapika ndani ya kilemba cha sare.

Nikapiga picha ya sikio, nikaiweka. Wifi akajibu: "Huyo simba au gunia?"

Mpaka leo ukija dukani kwangu ukataja gunia, roho inaruka.

Mwezi Juni mwaka huu tumerudi, na safari hii mama mkwe kasema habaki. Nilinuna kidogo, nikaona tumejiongezea mzigo. Mama mkwe ni mtu wa Liwale, kazaliwa na kukulia kandokando ya pori, ujana wake kaumalizia kulinda mashamba. Asubuhi ya kwanza tumefika mahali pa kupumzikia palipo na ruhusa ya kushuka, yeye hakukaa. Kainama kwenye mchanga, kaita wajukuu. "Huyu nani?" Wakasema simba. "Simba anaficha kucha kama paka. Hizi kucha mnaziona? Huyu fisi, kapita usiku." Akawapeleka kwenye nyayo za tembo, akawaonyesha kuwa mguu wa mbele huacha alama ya mviringo na wa nyuma huchongoka kidogo kama yai. Askari tuliyekuwa naye akabaki kaweka mikono kiunoni, anamsikiliza yeye.

Kulikuwa na bonge la mavi ya tembo hapo, bichi bado. Mwanangu wa kati, yule mtapikaji, sasa ana miaka tisa, alichuchumaa. Kuna mdudu mweusi, mgongo unang'aa kama kiatu cha shule siku ya kwanza, amekata donge lake, amelifinyanga likawa duara, analisukuma kwa miguu ya nyuma huku kichwa kiko chini. Anapanda kijiwe, donge linamkimbia, anashuka kulifuata, anaanza upya. Mara ya nne mwanangu akawa anamnong'oneza, "Zunguka, zunguka upande huu." Mdudu hakumsikiliza. Tulikaa hapo karibu dakika arobaini. Mume wangu akaniambia tunachelewa. Nikamuuliza, tunachelewa wapi?

Kwa hiyo dada yangu, jibu langu la kwanza: kaa sehemu moja. Hiyo ndiyo kazi ya kufanya na watoto, kukaa sehemu moja.

La pili ni mashua. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu zaidi ya kiingilio, iende kwenye mashua ya Mto Rufiji jioni, jua likishapoa. Mtoto anayelia garini hatalia majini, kuna upepo na mbung'o hawasumbui sana. Kwenye kingo utaona matundu mengi kama ukuta uliopigwa risasi, hizo ni nyumba za keremkerem, ndege wale wa rangi rangi wanaokula nyuki. Mamba wamelala midomo wazi, si kwa hasira, ni kupoza mwili. Na viboko sasa! Tuliwachezea mchezo ambao hauna gharama: kiboko akizama, watoto wanahesabu mpaka aibuke. Mkubwa wangu alikuwa na saa mkononi, mmoja alikaa chini zaidi ya dakika nne. Kila mtu kachagua kiboko wake, wanashindana, wa kwangu, wa kwangu! Hata mzee mmoja mgeni wa siti ya nyuma akaingia mchezoni.

Hapo kiboko mmoja akatoka kando akajisaidia, mkia unapiga kama feni, mavi yanaruka kila upande. Watoto hoi kwa kicheko. Bibi yao akasubiri wakanyamaza, akaanza: zamani kiboko aliomba kuishi majini, samaki wakakataa, wakasema huyu atatumaliza. Akaapa hatagusa samaki, na kila akijisaidia atayatawanya mavi yake yaonekane hayana hata mwiba mmoja wa samaki. Ndiyo maana usiku hutoka nje kula majani. Kitindamimba wangu, miaka minne, akauliza, "Na wamemwamini?" Bibi akasema, "Wanaishi naye, lakini si unaona hawakai karibu?"

Ila maboya ya kuvaa uyaulizie kabla hujalipa mashua, na uulize ya watoto. Tulipewa la mtu mzima, mdogo akawa anateleza kutoka kwa chini kama boga kwenye mfuko uliochanika. Nikagoma kupanda mpaka likatafutwa dogo. Waliguna. Waache wagune.

Kutembea kwa miguu ni lazima uwe na askari mwenye bunduki, na kwa wanangu wadogo askari alikataa. Mkubwa, miaka kumi na tatu, alikwenda kwa muda wa saa moja na baba yake. Walimkuta twiga kwa mbali, baba akamwambia huyo ni kama mita tano, sasa mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria Wajerumani waliyemchimba huku Lindi kati ya 1909 na 1913, amesimamishwa kule Berlin akiwa na zaidi ya mita 13. Alirudi anapanga twiga wawili juu kwa juu na zaidi ya nusu ya mwingine. Na ana hasira, anataka mjusi arudi. Hiyo hasira karithi kwa watu wote wa mkoa huu.

Chakula: tulibeba ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi yetu ya porini, na korosho. Usile ovyo nje. Mama mkwe alifungua kopo la korosho, tumbili akashuka, akachukua kopo, hakuacha hata kifuniko. Bibi akamtazama juu ya mti akasema, "Hata huku mmenifuata?" Nilicheka peke yangu, maana nilimkumbuka wifi.

Mengine kwa kifupi. Vaa kaki, kijani kilichofifia au kahawia, nimeshakwambia kwa nini. Mtoto wa chini ya miaka mitano halipi kiingilio, na sisi raia tunalipa kwa shilingi, kwa namba ya malipo, si noti mkononi. Tiketi ni ya saa 24, kwa hiyo ukiingia mchana na kulala humo humo ndani, bado inakutosha asubuhi yake, wakati wanyama wanatembea. Mifuko ya plastiki acha nyumbani. Na kaa sehemu moja, narudia.

Wazazi wenzangu, tuulizane ukweli: tunawapeleka watoto kwa ajili yao au kwa ajili ya status? Mimi nilimpeleka mwanangu kwa ajili ya wifi. Nikamziba mdomo mtoto anayeuliza swali zuri, ili nipate picha ya sikio. Weka simu chini. Mtoto akisema simama, simama. Akisema turudi kambini akacheze mchanga, rudi, mchanga wa hifadhini nao una mambo yake.

Simba safari hii hatukumwona. Tulimsikia tu usiku, mbali, kitindamimba akanihamia kitandani.

Tuliporudi wa kati alichora safari. Mdudu wa mavi kajaza karatasi nzima, tembo yuko pembeni saizi ya kuku. Nimeibandika dukani juu ya cherehani na picha yake nikaiweka. Wifi akauliza, simba yuko wapi? Nikamtumia sauti ya mtoto wa kaka yake akieleza donge lilivyodondoka mara nne, dakika sita nzima. Kesho yake kaniandikia kuwa mwakani Juni anataka tuende wote, na wanawe.

Nimemwambia aje. Sare nitashona mimi, rangi nachagua mimi.