Kabla hujaivaa shingoni kamera ya megapikseli 61

Mwezi uliopita tulikuwa watu wanne hapa Moshi tukiazimana kamera moja, Sony A7R IV, ya jamaa yetu aliyekuja nayo likizo. Ni toleo la mwaka 2019, kwa hiyo madukani si mpya, lakini kwetu sisi tuliozoea kamera za megapikseli 24 (yaani picha ya vitone, au pikseli, milioni 24) ilikuwa mpya kabisa. Nimepiga harusi na sendofu miaka tisa, nikajua nitaishika tu na kuendelea na kazi. Siku ya kwanza nilirudi na picha mia mbili na ushee. Nilizozikubali hazikufika thelathini.

Nawaandikia mnaoanza, hasa mnaojinyima chakula cha mchana ili mnunue mashine ya namna hii.

Siku hiyo nilianzia soko la Mbuyuni. Kulikuwa na mama mmoja muuza ndizi, amekaa chini ya mwavuli wa njano, mwanga unamwangukia shavuni vizuri mno.

"Shikamoo mama. Naomba nikupige picha."

"Marahaba. Utanipa nini?"

"Nitakusafishia moja nikuletee."

"Haya. Ngoja kwanza nifunge kilemba."

Nilikuwa na lenzi ya milimita 85, shata, yaani muda wa kupokea mwanga, nikaiweka 1/100 ya sekunde, kama nilivyozoea. Kwenye kioo cha nyuma ya kamera picha ilikuwa safi. Nyumbani nikaikuza kwenye kompyuta, kope za mama zikawa mbili mbili, kila moja na kivuli chake. Nikaidhani lenzi mbovu. Lenzi haikuwa na kosa.

Tulifundishwa kwamba namba ya shata isishuke chini ya urefu wa lenzi: lenzi ya 85, basi 1/85 kwenda juu. Kanuni hiyo ni ya enzi za filamu. Kamera ya megapikseli 24 ina pikseli 6,000 kwa upana. Hii ina 9,504 kwenye kihisi (bamba la ndani linalopokea mwanga) cha ukubwa uleule. Mtikisiko wa mkono ni uleule, ila sasa unapita juu ya pikseli nyingi zaidi, kama mara moja na nusu hivi, nawe ukikuza unauona wote. Utaambiwa kamera ina kitulizi ndani yake. Ni kweli inacho, na kinafanya kazi, lakini kinatuliza mkono wako wewe. Mama anayegeuka kumrudishia mteja chenji hakimtulizi.

Kesho yake nikarudi na 1/320, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) nikaiacha ipande hadi 1600. Msiiogope ISO. Chengachenga unazoziona ukikuza kupita kiasi hupotea ukisafisha picha kwenye karatasi, ila kope zilizotikisika hazirudi. Safari hii niliweza kuhesabu nyuzi za kilemba, na ndani ya mboni ya jicho kulikuwa na mwavuli wa njano, mdogo kama punje ya mtama. Nikasafisha nakala ya saizi ya kadi ya posta (ambayo, kusema kweli, hata simu ingeitosha) nikampelekea. Akaitazama kwa muda mrefu. "Mbona umeniwekea makunyanzi?"

Mlima nao ulinifundisha adabu. Ukitaka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, uamke mapema, maana ikifika saa nne mara nyingi umeshajifunika. Nilipanda bodaboda alfajiri kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, ambako ukigeuka nyuma unauona wote umefunguka. Nikabadilisha lenzi palepale kando ya barabara, lori limetoka kupita. Kamera hizi za mirolesi hazina kile kioo cha ndani kinachokaa mbele ya kihisi kwenye kamera nyingine. Ukitoa lenzi, kihisi kiko wazi kinakutazama, na vumbi linajua njia. Picha zote za asubuhi ile zina madoa matatu juu ya theluji, mahali palepale. Zima kamera kwanza, upe upepo mgongo, elekeza mdomo wa kamera chini, lenzi ya pili iwe tayari mkononi. Na usipulize kwa kinywa, mate yataingia. Nunua kipulizio cha mpira.

Tena nilikuwa nimebana tundu la lenzi hadi f/16, nikiamini kwamba ukibana zaidi ndivyo mlima unavyokuwa mkali. Kwa pikseli ndogo namna hii, ukipita f/11 mwanga wenyewe unaanza kutawanyika na picha inalainika. Kwa mlima ulio mbali f/8 inatosha kabisa. Jua likishapanda usihangaike: hewa ya tambarare inacheza kama juu ya jiko, na hakuna lenzi ya kuituliza.

Kuna kipengele kinachopiga picha 16 ukaziunganisha kwenye kompyuta upate megapikseli 240. Nilikijaribu kwenye mgomba. Majani yalitikisika kidogo tu, ikatoka takataka. Waachieni wapiga picha za sarafu na michoro.

Ukumbini ni habari nyingine. Shata ya kimya inavutia, mchungaji anaomba nawe husikiki. Lakini kihisi chenye pikseli nyingi kiasi hiki husomwa mstari kwa mstari, taratibu, na taa nyingi za LED zinawaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona. Matokeo yake ni michirizi myeusi usoni kwa bibi harusi. Rudi kwenye shata ya kawaida. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo anza na 1/100, upige za majaribio kabla MC hajashika maiki.

Sasa hesabu ya kadi ya kumbukumbu, hapa ndipo wengi huumia. RAW (faili ghafi la picha) isiyobanwa ni kama MB 120 kwa picha moja. Kadi ya GB 64 inaishia picha mia tano hivi. Sendofu ya picha 1,200 ni GB 144, na kompyuta yangu ilifungua kila picha kama inayoombwa mkopo. Washa RAW iliyobanwa, mzigo unapungua nusu. Wakati wa hotuba na foleni ya zawadi, weka kamera itumie sehemu ya kati tu ya kihisi. Unabaki na megapikseli 26, na mwenye sherehe atazitaka WhatsApp vilevile. Ukubwa wote uweke kwa ajili ya picha ya familia, au mlima wa kutundika ukutani: bila kuivuta, picha inasafishwa vizuri hadi sentimita 80 kwa upana.

Betri ziwe tatu.

Kamera imerudi kwa mwenyewe Jumapili. Nimebaki na diski ya kompyuta iliyojaa na kamera yangu ya 24, ambayo Jumamosi hii inakwenda sendofu Njiro, Arusha. Shata nimeiacha kwenye 1/320, taa za ukumbini zikisumbua nitaishusha.