Unataka kuhamia Ioannina? Soma hii kwanza

Wengi wanaonitumia ujumbe kuuliza habari za Ugiriki wana picha ya nyumba nyeupe na bahari ya buluu. Ioannina ninakoishi hakuna bahari. Ni kaskazini-magharibi, mkoa wa Epirus, milima kila upande na ziwa katikati. Mvua yake hailingani na Athens hata kidogo, na wakati wa baridi ukungu wa ziwani unaweza kukaa asubuhi nzima. Koti zito lipakie kabla ya miwani ya jua.

Waafrika hapa tunahesabika. Athens kuna mtaa kama Kypseli, kuna maduka yenye unga wetu na mafuta ya nywele, kuna watu wa kukupokea. Huku unajipokea mwenyewe. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa, na kama una haraka ishia hapa: jitahidi ujulikane. Mwezi hautaisha kabla mwenye duka la mkate hajajua umepanga kwa nani, mumeo anafanya kazi gani, na kwa nini bado hamjapata mtoto. Atakuuliza hilo la mtoto mbele ya foleni. Mimi nimekulia Tanga, uchunguzi wa majirani naujua, lakini hata mimi nilikodoa macho.

Kuna wageni wanaoudhika wakajifungia ndani. Nawaelewa, ila wanapoteza. Fundi wa boila, mtambo wa kupasha nyumba joto, hapatikani kwa tangazo, anapatikana kwa sababu jirani yako amempigia binamu yake. Nyumba nzuri mara nyingi hupangishwa kabla ya kutangazwa. Hata daktari utaambiwa yupi anasikiliza na yupi ana haraka. Ukiingia dukani, kwenye lifti au chumba cha kusubiri kwa daktari, salimia wote waliomo: kalimera asubuhi, kalispera jioni. Mama mtu mzima usimwite jina tupu, tanguliza "kyria", kyria Maria, kyria Eleni. Na jua siku za majina, yaani sikukuu ya mtakatifu ambayo wote wenye jina lake husherehekea. Tarehe 26 Oktoba ni ya kina Dimitris, 6 Desemba kina Nikos, 7 Januari kina Giannis. Unampa mtu heri, "chronia polla", na mwenye siku ndiye anayekununulia wewe kahawa au keki. Usigombee kulipa, utamvunjia heshima.

Jambo moja litakuchoma moyo usipoambiwa mapema. Unauliza kama kuna unga wa mchele, muuzaji anainua kidevu, anapandisha nyusi, na mdomoni inatoka "ts" fupi. Kwetu hapo umesonywa na ugomvi umeanza. Kwake amesema hapana, hakuna, na wala hana kinyongo. Wazee wanafanya hivyo hata kwa wajukuu wao.

Lugha huwezi kuikwepa. Vijana wa chuo wanajua Kiingereza, lakini mama wa sokoni na karani wa ofisini ni bahati nasibu. Habari njema ni kwamba sisi tunaanza tukiwa na mtaji. Irabu zao ni tano kama zetu, na zile sauti zinazowatesa Wazungu wengine, dh ya dhahabu, gh ya ghali, th ya thelathini, kh ya kheri, mtu wa pwani anazitoa bila jasho. Jirani zangu walishangaa sana, nikawaacha waamini nina kipaji. Upungufu uko upande wao, maana hawana sh wala ch halisi, na Rashidi ataitwa Rasidi mpaka azoee.

Hilo linanileta kwenye makaratasi. Jina lako litaandikwa kwa herufi za Kigiriki, na kila fomu itataka pia jina la baba na la mama. Chagua tahajia moja tangu siku ya kwanza, iandike kwenye simu, na kila karani mwoneshe hiyo hiyo. Herufi moja ikitofautiana kati ya kibali cha ukaazi na namba ya kodi, utazunguka mno. Namba ya kodi inaitwa AFM, na bila hiyo hupangi nyumba, hufungui akaunti, hupati laini ya simu ya mkataba. Ya hifadhi ya jamii ni AMKA. Kwa shughuli ndogondogo nenda KEP, vituo vya kuhudumia wananchi. Katika mji mdogo foleni ni fupi, na ukirudi mara nyingine karani anakukumbuka. Athens husikii hivyo.

Nyumba. Tafuta Juni au Julai. Mji una chuo kikuu kilichoanzishwa 1964, na Septemba wanafunzi wanazoa kila chumba. Swali la kwanza kwa mwenye nyumba lisiwe kodi, liwe joto. Kuna majengo yenye mtambo mmoja wa mafuta kwa wapangaji wote, na wasipochanga, au wakiamua uwashwe saa chache, mnatetemeka pamoja. Tafuta nyumba yenye mtambo wake. Chini karibu na ziwa pana unyevu, kwa hiyo nusa kuta kabla hujasaini. Na mchana, takriban saa tisa hadi saa kumi na moja na nusu, ni saa za utulivu, usitoboe ukuta wala kufungulia muziki. Maduka mengi nayo hufunga mchana, na Jumatatu, Jumatano na Jumamosi kwa kawaida hayafunguliwi tena jioni.

Waislamu wenzangu wanauliza msikiti. Wa Aslan Pasha, uliojengwa 1618, upo ndani ya ngome na unapendeza, lakini leo ni makumbusho. Tunasali nyumbani.

Kazi niseme bila kupaka sukari: usije huku kuitafuta. Kazi zilizopo ni za chuo, hospitali, viwanda vya jibini na kuku, na hoteli, na hapo ndipo mwisho. Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kiliwekwa yuro 880 kwa mwezi kabla ya makato, mishahara kumi na nne kwa mwaka ukihesabu bonasi za Krismasi, Pasaka na likizo. Njoo ukiwa na mkataba, nafasi ya masomo, mwenzi mwenye kazi, au kazi unayoifanya kwa intaneti.

Na chakula, maana ndilo swali la kila mtu. Kiangazi nenda soko la wakulima uulize vlita. Ni mchicha, mchicha wetu kabisa, wao wanauchemsha na kuumiminia mafuta ya zeituni na limau. Unga wa mahindi upo kila duka kwa sababu Epirus wanaoka nao pai, ila ni wa njano. Ugali wake unashikana vizuri. Ukimkaribisha jirani mzee asipoumaliza usinune. Mkate wa mahindi, bobota, ndio uliowavusha wengi njaa ya vita vya pili, na baadhi yao hawataki kuuona tena. Ukitaka unga mweupe, mtu wako wa Athens akafungashe kifurushi na kukipeleka stendi ya KTEL, mabasi ya kwenda mikoani, iliyopo Kifissos, asubuhi. Jioni unakichukua stendi ya hapa. Mwambie aandike namba yako ya simu kubwa juu ya boksi.