Kasi ya Ubao wa Umeme Imepungua: Je, ni Nyaya?

SWALI: Mhariri, nina ubao wa hidrofoili ya umeme (ubao wenye mota na bawa chini ya maji linalounyanyua juu ya uso wa bahari) niliouunda mwenyewe na ninautumia baharini hapa Diani. Mwezi uliopita saa yangu ya GPS ilionyesha kilomita 38 kwa saa. Wiki hii haikuvuka 31, ingawa betri ilikuwa imejaa. Je, nyaya za mota zimechoka?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuzishuku nyaya, yaangalie maji. GPS hupima mwendo wako juu ya ardhi, si mwendo wa bawa ndani ya maji. Kwa hiyo mkondo wa maji kujaa au kupwa, hasa siku za bamvua, hukuongezea kasi upande mmoja na kukupunguzia upande wa pili. Ubao unaokwenda 34.5 utasoma 38 ukisukumwa na mkondo wa kilomita 3.5 kwa saa, na utasoma 31 ukiukabili, bila chochote kuharibika. Pita njia ileile kwenda na kurudi papo hapo, kisha uchukue wastani wa kasi hizo mbili. Usiiamini namba iliyorekodiwa ulipoanguka, kwani mawimbi ya setilaiti hayapenyi maji.

Waya unaochoka kwa kawaida hauonekani kwenye kasi. Mota yako ina nyaya 3 za fezi, yaani zinazopokezana kuipelekea mota umeme, na mmoja ukikatika, mota hutetemeka na kukataa kuzunguka. Dalili ya kutangulia ni joto, ambalo hupanda haraka kuliko wengi wanavyodhani: umeme ukitoka ampea 40 hadi 80, joto linalozalishwa ndani ya waya huwa mara 4.

Chunguza sana penye kiungio. Risasi ya kulehemu hupanda ndani ya nyuzi na kuukaza waya, kisha nyuzi hukatika mojamoja pale ugumu unapoishia. Chubua ganda kidogo karibu na hapo: shaba ikiwa nyeusi au ya kijani, maji ya chumvi yameshaingia, nayo hupanda kati ya nyuzi kama mafuta ya taa kwenye utambi hadi kwenye kasha la kidhibiti, kifaa kinachoongoza umeme unaokwenda kwenye mota. Kata mpaka uikute shaba inayong'aa. Ikiwa madhara yamefika mbali, weka waya mpya wa shaba iliyopakwa bati, ambayo hustahimili chumvi vizuri zaidi.

Mwisho, toa betri, chomoa nyaya 3 kwenye kidhibiti, na upime kwa multimita (kipimo cha umeme), ukiiweka kwenye hali ya kulia nyaya zinapogusana, kati ya kila waya na chuma cha mota. Multimita ikilia, usiutie ubao majini.